Wadakaji chipukizi: Funzo walilolinunua ghali mashabiki wa Detroit

WAKATI wengi jijini Nairobi walikuwa wangali usingizini alfajiri ya Aprili 26, 2024, maelfu ya watu walikuwa wamefurika katikati ya jiji la Detroit, Marekani, wakipiga mayowe. Katika siku tatu za shughuli hiyo, idadi ya waliohudhuria ilipita 700,000. Hapakuwa na mpira uliochezwa wala bao lililofungwa. Kilichowatoa watu hao majumbani mwao ni kusikiliza majina yakisomwa.

Shughuli yenyewe ni uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi wanaojiunga na NFL, ligi ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani. Wenyewe huiita kwa jina linalokaribiana sana na drafti, ule mchezo wa wazee wetu barazani, na kwa kweli mambo hayatofautiani mno: anayesogeza kete vibaya hujuta kwa muda mrefu.

Nami nilikuwa macho usiku huo. Niliishi katika jimbo la Michigan kwa miaka kadhaa, nikifanya kazi za usiku katika makao ya wazee, na huko ndiko nilikoambukizwa ushabiki wa Detroit Lions. Nilirudi nyumbani bila mengi, ila ugonjwa huo nilikuja nao. Na katika ugonjwa huo kuna dalili moja ambayo kila shabiki wa Lions wa rika langu anayo: akisikia kwamba klabu yake inataka kumteua mdakaji kijana katika raundi ya kwanza, huingiwa na baridi hata kama ni mchana wa jua kali.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, ni vyema kueleza. Kandanda ya Kimarekani inakaribiana na raga kuliko soka. Wachezaji ni 11 kila upande, mpira ni wa umbo la yai, na lengo ni kuufikisha mwisho wa uwanja, jambo liitwalo tachidauni, ambalo ni mfano wa trai katika raga. Tofauti kubwa ni kwamba hapa inaruhusiwa kuurusha mpira mbele. Anayeurusha, kwa kawaida, ni mtu mmoja ambaye ndiye ubongo wa timu; nitamwita mrushaji. Mbele yake husimama ukuta wa watu watano wazito wanaomkinga asiangushwe. Na huko pembeni, karibu na chaki, husimama wale vijana wepesi ambao kazi yao ni kuchomoka mbio, kumpoteza beki na kuudaka mpira hewani. Hao ndio wadakaji wa pembeni.

Nao uteuzi? Ulianza mwaka wa 1936 katika hoteli moja jijini Philadelphia, kufuatia pendekezo la Bert Bell, mmiliki wa klabu ya Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona klabu tajiri zikinyakua wachezaji wote wazuri kutoka vyuo vikuu. Kanuni aliyoipendekeza ingalipo hadi leo: timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho. Siku hizi klabu ni 32 na raundi ni saba. Kijana haulizwi anataka kwenda wapi. Aliyemtaja ndiye aliyempata. (Si kila mchezaji hupitia mlango huo. Daniel Adongo, mwanaraga wa Kenya aliyejiunga na Indianapolis Colts mwaka wa 2013, hakuteuliwa na yeyote. Alisajiliwa moja kwa moja.)

Ukitafakari kanuni hiyo utaona mtego wake. Timu dhaifu hupewa nafasi ya kwanza kwa sababu ni dhaifu, na udhaifu wake mara nyingi hutokana na uamuzi wa haohao wanaopewa nafasi ya kuamua tena.

Detroit Lions ndio mfano ambao hautasahaulika. Mwaka wa 2003 klabu hiyo ilikuwa na nafasi ya pili kati ya wote, ikamteua Charles Rogers, mdakaji wa chuo cha Michigan State, mzaliwa wa Saginaw katika jimbo hilohilo la Michigan. Mwaka wa 2004, nafasi ya saba: Roy Williams wa Texas, mdakaji. Mwaka wa 2005, nafasi ya kumi: Mike Williams wa Southern California, mdakaji tena. Miaka mitatu, chaguo tatu za juu, wachezaji watatu wa kazi moja. Ni kama mtu anayejenga nyumba, akapata fedha mara tatu, na kila mara akanunua milango.

Mechi ya kwanza ya Rogers ilikuwa Septemba 2003 dhidi ya Arizona Cardinals. Alifunga tachidauni mbili, Lions wakashinda 42-24, na jiji zima likaamini kwamba mkombozi amezaliwa. Wachache waliangalia upande wa pili wa uwanja. Huko alikuwako kijana mwingine aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza vilevile, Anquan Boldin, mdakaji aliyeteuliwa wa 54, katika raundi ya pili. Boldin hakuwa na kasi. Katika majaribio ya mbio alitumia zaidi ya sekunde 4.7, muda ambao wataalamu waliuona kuwa wa aibu kwa mtu wa kazi yake. Siku hiyo alidaka pasi 10 na kusonga yadi 217. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa amedaka pasi 101. Rogers alikuwa amevunjika mfupa wa bega baada ya mechi tano. Msimu uliofuata akavunjika tena katika mechi ya kwanza, na mwaka wa 2005 ligi ikamsimamisha kwa kukiuka kanuni za matumizi ya dawa. Alicheza mechi 15 tu katika maisha yake yote ya NFL.

Kisa cha Mike Williams kinahusu ujana wenyewe, na ndiyo sababu nitakikalia kidogo. Kanuni ya NFL ni kwamba mchezaji hawezi kuteuliwa kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize shule ya upili. Mwaka wa 2004 mchezaji mwingine, Maurice Clarett, aliipinga kanuni hiyo mahakamani, na mwezi wa Februari jaji mmoja akampa haki. Williams, aliyekuwa amecheza miaka miwili tu chuoni, aliona mlango umefunguka. Akaajiri wakala na kujiandikisha. Siku chache kabla ya uteuzi, mahakama ya rufaa ikaufunga mlango huo. Alipotaka kurudi chuoni, wasimamizi wa michezo ya vyuo walimkatalia kwa kuwa alikwisha kuajiri wakala. Kijana wa miaka 20 akakaa mwaka mzima bila kucheza, hana chuo wala klabu. Huyo ndiye Lions walimteua mwaka uliofuata. Katika misimu miwili ya Detroit alidaka pasi 37 pekee. Mchezaji aliyetajwa mara tu baada yake, katika nafasi ya 11, alikuwa DeMarcus Ware, ambaye mwaka wa 2023 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo huko Canton, Ohio.

Desemba 2005 mashabiki wa Detroit waliandamana nje ya uwanja wakitaka rais wa klabu, Matt Millen, aondolewe. Hakuondolewa hadi Septemba 2008.

Kutokana na masaibu hayo, wenzangu wengi walifikia uamuzi kwamba wadakaji vijana ni mali isiyofaa kununuliwa: wanakuja na mbwembwe, hawajakomaa, pesa zinawalevya. Uamuzi huo ni rahisi, nami niliuamini kwa miaka kadhaa. Siuamini tena. Larry Fitzgerald alikuwa na miaka 20 alipoteuliwa na Arizona mwaka wa 2004, nafasi nne tu kabla ya Roy Williams. Alistaafu akiwa na yadi 17,492, wa pili katika historia nyuma ya Jerry Rice peke yake. Mike Evans alikuwa na miaka 20 alipoteuliwa na Tampa Bay mwaka wa 2014. Alipita yadi 1,000 katika kila msimu kwa misimu 11 mfululizo, hadi 2024. Justin Jefferson naye alikuwa na 20 Minnesota ilipomtaja wa 22 mwaka wa 2020, mara tu baada ya Philadelphia kumpita na kumchagua mdakaji mwingine, Jalen Reagor. Msimu wake wa kwanza Jefferson alipata yadi 1,400.

Kwa hakika umri mdogo ni dalili njema, mradi usomwe sawasawa. Chuoni, kijana wa miaka 18 au 19 hukabiliana na mabeki wa miaka 22 walioshiba nyama na mazoezi. Akiwashinda hao mapema, na sehemu kubwa ya pasi za timu yake ikawa inaelekezwa kwake, hilo linasema jambo. Lakini aliyekaa miaka minne au mitano, akaja kung'aa mwishoni alipokuwa mkubwa kuliko anaowakabili, huenda ni ukubwa tu uliomfaa. Ndiyo maana wachambuzi wengi siku hizi huanza kwa kuuliza kijana alitawala akiwa na umri gani, ndipo waulize alipata yadi ngapi.

Kinachowapotosha wateuzi, kwa maoni yangu, ni saa ya kupimia mbio. Kila mwaka kabla ya uteuzi, mamia ya vijana hukusanywa Indianapolis, wakapimwa urefu, uzito, na mbio za yadi 40, yaani takriban mita 36 na nusu. Hukimbia wakiwa na kaptura, bila beki, bila mpira. Mwaka wa 2017 John Ross alitumia sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo, na Cincinnati Bengals wakamteua wa tisa. Msimu wake wa kwanza hakudaka pasi hata moja. Mwaka huohuo, Cooper Kupp wa chuo kisichovuma cha Eastern Washington alitumia sekunde 4.62 na kusubiri hadi raundi ya tatu, nafasi ya 69. Mwaka wa 2021 Kupp aliongoza ligi nzima kwa pasi alizodaka, yadi na tachidauni, kisha akatajwa mchezaji bora wa fainali ya Super Bowl. Mwaka wa 2009 Oakland Raiders walimchukua Darrius Heyward-Bey katika nafasi ya saba kwa ajili ya miguu yake. Msimu huo alidaka pasi tisa.

Kasi ni kitu kizuri, nani asiyeijua? Ila mdakaji hakimbii apendavyo. Hufuata njia iliyochorwa, ageuke baada ya hatua kadhaa zilizohesabiwa, na mara nyingi mpira huwa umekwisha rushwa kabla hajageuka. Tangu 1978 kanuni zinamruhusu beki kumsukuma katika yadi tano za kwanza tu, lakini katika yadi hizo tano mabeki wa NFL wana mikono ambayo wengi wa chuoni hawajawahi kuionja. Asiyejua kuikwepa hafiki mahali ambapo kasi yake ingemsaidia. Hata Rice, aliyeteuliwa wa 16 mwaka wa 1985, alizomewa na mashabiki wa San Francisco katika msimu wake wa kwanza kwa kuponyokwa na mipira. Laiti wangalijua waliyekuwa wakimzomea.

Lakini hata ukimpata kijana aliye bora bila ubishi, bado kuna swali ambalo Detroit tulilijibu kwa machozi. Mwaka wa 2007, Lions walimteua mdakaji wa nne katika miaka mitano: Calvin Johnson, wa pili kati ya wote. Safari hii hawakukosea hata kidogo. Johnson alikuwa na urefu, nguvu na kasi kwa pamoja, na mwaka wa 2012 aliweka rekodi ya yadi 1,964 katika msimu mmoja. Mwaka wa 2008, akiwa katika msimu wake wa pili, alipata yadi 1,331 na tachidauni 12. Je, Lions walishinda mechi ngapi mwaka huo? Hata moja. Walipoteza zote 16, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu ligi ianze kucheza mechi 16. Johnson alistaafu baada ya msimu wa 2015, akiwa na miaka 30, mwili umechoka, bila kuonja ushindi hata mmoja wa mechi za mtoano.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Mdakaji ndiye mtu wa mwisho katika mnyororo. Ili audake mpira, lazima ukuta usimame kwa sekunde mbili au tatu, na lazima mrushaji awe mtu mwenye jicho na utulivu. Ukuta ukibomoka, mdakaji hugeuka na kumkuta mrushaji wake amelala chali. Timu dhaifu inayotumia chaguo lake la juu kwa mdakaji inanunua paa kabla ya kuta, na kijana huyo ndiye atakayelaumiwa mvua ikinyesha.

Mwaka wa 2021 ulitupatia jaribio ambalo hata mwalimu wa sayansi angelitamani. Cincinnati, wenye nafasi ya tano, walikuwa na uamuzi mmoja: wamchukue Ja'Marr Chase, mdakaji, au Penei Sewell, mlinzi wa ukuta. Mrushaji wao kijana, Joe Burrow, alikuwa ameumia goti vibaya msimu uliotangulia, na wengi tulisema wamchukue Sewell wamkinge. Walimchukua Chase. Sewell aliteremka hadi nafasi ya saba, mikononi mwa Lions.

Nitasema kweli ingawa inaniumbua: Chase alipata yadi 1,455 katika msimu wake wa kwanza, na Bengals wakafika Super Bowl mwaka huohuo. Kwa hivyo kanuni yangu haina uzito wa sheria. Lakini tazama pia yaliyotukia njiani. Burrow aliangushwa mara 51 katika msimu wa kawaida, mara tisa katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee, na mara saba katika fainali yenyewe, ambayo Bengals walipoteza. Chase alifaulu pia kwa sababu mrushaji alikuwapo tayari, tena mrushaji aliyecheza naye chuoni Louisiana State hadi wakatwaa ubingwa. Alikuta kuta mbili zimesimama, hata kama mbili nyingine zilikuwa na nyufa.

Lions nao walimwingiza Sewell katika ukuta ambao tayari ulikuwa na Taylor Decker na Frank Ragnow, wote wawili wa raundi ya kwanza. Kisha, katika raundi ya nne ya uteuzi uleule, nafasi ya 112, wakamchukua mdakaji Amon-Ra St. Brown. Wadakaji 16 walikuwa wametajwa kabla yake, na yeye aliyakariri majina yao yote 16. Amewahi kuyataja mbele ya kamera bila kusitasita, kama mtoto wa madrasa anayetoa sura aliyoihifadhi. Aprili 2024 alitia saini mkataba wa miaka minne wa thamani ya dola milioni 120. Msimu wa 2023 Lions walifika nusu fainali ya ligi, na msimu wa 2024 walishinda mechi 15 kati ya 17 za kawaida.

Mkataba huo unaeleza pia ni kwa nini klabu haziwezi kuacha kuwawinda wadakaji vijana. Tangu 2011, mishahara ya walioteuliwa hufuata viwango maalum kwa miaka minne, na klabu ina hiari ya kuongeza wa tano kwa wale wa raundi ya kwanza. Mdakaji aliyekwisha thibitika, kwa upande mwingine, sasa hulipwa zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka. Chase alipata mkataba wa milioni 161 kwa miaka minne mwezi wa Machi 2025. Ukimpata mzuri katika uteuzi, una miaka minne ya kumtumia kwa bei ya chini na kuzitumia fedha zinazosalia kwingineko. Hesabu hiyo naielewa. Ninachopinga ni kudhani kwamba bei nafuu inafuta haja ya subira.

Mwaka wa 2022 Lions hao hao walipanda hadi nafasi ya 12 kumchukua Jameson Williams, mdakaji aliyekuwa na goti lililokatika miezi mitatu tu iliyotangulia. Nilishika kichwa. Msimu wa kwanza alidaka pasi moja. Wa pili ulianza akiwa amesimamishwa kwa sababu ya kamari. Kila alama ya Charles Rogers ilikuwapo: kijana, jeraha, adhabu, umati unaonong'ona. Tofauti ni kwamba safari hii timu haikuwa ikimtegemea yeye ili isimame. Alikuwa na nafasi ya kupona polepole huku wengine wakishinda mechi. Mwaka wa 2024 alifikisha yadi 1,001.

Rogers hakuwa na nafasi hiyo. Alipoumia, alirudi nyumbani kuuguza jeraha mbali na timu, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba dawa za maumivu zilimteka. Alifariki Novemba 2019 akiwa na umri wa miaka 38.  Sisemi kwamba uteuzi ulimuua. Ila sisi tuliokuwa tukiwazomea, tukiyafanya majina yao kuwa mzaha wa miaka 15, tulikuwa tukiwadai vijana wa miaka 21 waibebe klabu ambayo watu wazima walikuwa wameshindwa kuijenga.

Usiku ule wa Aprili 2024 wadakaji saba walitajwa katika raundi ya kwanza, idadi sawa na ile ya 2004. Kunapambazuka Nairobi, nafasi ya 23, Jacksonville wakamtaja Brian Thomas, mdakaji wa miaka 21. Lions walikuwa wamebadilishana nafasi na Dallas, na sasa zamu ilikuwa yao. Nilizima sauti ya runinga, kama nifanyavyo kila mwaka. Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la Terrion Arnold, beki. Nikapumua, nikaenda kuchemsha chai. Thomas alimaliza msimu huo na yadi 1,282.